UZI: Rimu na matairi ya pikapu: anza na mzigo na njia, rimu iwe ya mwisho

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, heshima mbele.

Swali la matairi ya pikapu hurudi humu kila baada ya muda mfupi, na karibu kila mara linaulizwa kuanzia mwisho. Mtu ameziona rimu za inchi 20 dukani, amezipenda, amelipia, ndipo anakuja kuuliza ni tairi gani litakaa juu yake. Kwa gari la kazi mpangilio huo ni wa hatari. Unaanza na uzito utakaoubeba na njia utakayoipita, hayo mawili yanakuchagulia tairi, na tairi likishajulikana ndilo linaloamua rimu. Nitaeleza kwa mfano wa Toyota Hilux ya kabini mbili, kwa kuwa ndiyo ninayoendesha na ndiyo iliyojaa barabarani kwetu Tanzania, lakini hesabu ni zilezile kwa Ranger, D-Max, Navara, L200 na Land Cruiser ya mizigo.

Tuanze na maandishi ya ubavuni. Hilux nyingi za kabini mbili hutoka kiwandani na tairi lililoandikwa 265/65R17 112S. Namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 172. Herufi R inaonyesha kuwa tairi ni la radiali, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Wengi wetu huishia hapo, ilhali namba inayofuata ndiyo ambayo mwenye pikapu angepaswa kuitazama kabla ya zote. Hiyo 112 ni fahirisi ya uzito, na maana yake ni kwamba tairi moja linaruhusiwa kubeba kilo 1,120. Fahirisi 98 ni kilo 750, 104 ni kilo 900, 108 ni kilo 1,000, 116 ni kilo 1,250, na 121 ni kilo 1,450. Herufi ya mwisho ni mwendo wa juu kabisa: Q ni kilomita 160 kwa saa, R ni 170, S ni 180, T ni 190.

Namba hiyo ya uzito inapuuzwa kwa sababu haionekani kwa macho. Pikapu inaweza kufungwa matairi ya gari dogo la kutembelea ambayo yanaingia kwenye rimu bila shida yoyote, gari likasimama vizuri, na hata mwenye duka akasifia. Sasa chukua pikapu ambayo ekseli yake ya nyuma inaruhusiwa kubeba kilo 1,700. Kila tairi la nyuma litabeba kilo 850 gari likijaa. Ukiwa umefunga tairi la 98, umeshavuka uwezo wake kwa kilo 100 hata kabla ya kukutana na shimo la kwanza. Uzito unaoruhusiwa kwa kila ekseli umeandikwa kwenye kibati cha gari au kwenye kitabu chake, na ukubwa wa tairi pamoja na kiasi cha upepo viko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Naomba kila anayesoma uzi huu aende akakitazame kibandiko hicho kabla hajaingia duka lolote.

Tairi lililozidiwa uzito, au lenye upepo mdogo kuliko mzigo unavyotaka, hukunjika ubavuni kila linapozunguka. Kule kukunjika na kunyooka huzaa joto, joto linalegeza mshikamano wa mpira na nyuzi za ndani, na mwishowe tabaka la juu huachana na la chini. Ukiwa umepakia magunia, ni saa saba mchana, lami ya kati ya Dodoma na Singida inawaka na unakimbia 110, joto hilo halina mahali pa kwenda. Ndiyo maana huwa siamini mtu anaposema tairi lake "lilipasuka tu". Mara nyingi lilianza kufa kilomita nyingi nyuma, dereva asijue.

Baada ya uzito, angalia kipenyo cha tairi zima, kwa sababu ndicho kinachogusa gia, breki, spidomita na madigadi. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha takriban milimita 776. La 265/70R16 lina 777, la 265/60R18 lina 775, na la 265/50R20 lina 773. Matairi haya manne yanasimama kimo kimoja, na gari halitajua tofauti yake kwenye gia wala kwenye spidomita. Kinachobadilika ni kiasi gani cha kimo hicho ni mpira wenye upepo na kiasi gani ni rimu. Kwenye rimu ya 16 ubavu una milimita 185 na nusu, na kwenye rimu ya 20 umebaki na 132 na nusu.

Ubavu huo ndio unaopokea kipigo cha barabara. Gari likiingia kwenye shimo lenye ukingo mkali, ubavu mrefu hukunjika na kurudi kabla ukingo haujaifikia rimu. Ubavu mfupi hubanwa kati ya rimu na ukingo, nyuzi za ndani zinakatika, na siku chache baadaye unaona nundu imetoka ubavuni. Tairi lenye nundu halizibiki wala halitengenezeki, na safari pekee linayostahili ni ya kwenda kubadilishwa. Kwa hiyo kwa pikapu inayofanya kazi nje ya mji, ushauri wangu ni rimu ndogo kuliko zote ambazo breki zinaruhusu, kwa kawaida 16 au 17. Kuna matoleo yenye diski kubwa za mbele ambayo kalipa yake, yaani kile kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski, hugusa rimu ya 16, hivyo kabla ya kulipa funga gurudumu moja la mbele na ulizungushe kwa mkono.

Sasa aina za ujenzi wa tairi. Lile la 265/65R17 112S ni tairi la kawaida, laini, tulivu kwenye lami. Matairi yenye herufi C mwishoni mwa ukubwa, kama 205R16C 110/108, ni ya magari ya biashara, yana mbavu ngumu zaidi, na ndiyo utakayoyakuta kwenye pikapu nyingi za kabini moja. Yenye LT mwanzoni, kama LT265/65R17 120/117S, ni ya magari ya mizigo kwa utaratibu wa Kimarekani. Namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju zina maana yake: ya kwanza ni uwezo wa tairi likifungwa moja kila upande, na ya pili ni likifungwa mawili mawili.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wachache sana hulieleza. Tairi la LT la daraja E, yaani ngazi yake ya uwezo wa kubeba mzigo, hufikia uwezo wake wa kilo 1,400 likiwa na upepo wa psi 80, wakati lile la kawaida la 112 hufikia kilo zake 1,120 kwenye psi 36 hivi. Ukilijaza la LT upepo uleule ulioandikwa kwenye kibandiko cha gari, psi 29 kwa mfano, litabeba uzito mdogo kuliko tairi la kawaida ulilolivua. Yaani umelipa zaidi, umepata tairi gumu zaidi, na umelifanya liwe dhaifu zaidi. Ukihamia LT, lazima uongeze upepo. Mimi huweka kati ya psi 36 na 40 gari likiwa tupu, na nyuma hupanda zaidi kadiri ya mzigo, kwa kufuata jedwali la mtengenezaji wa tairi.

Kuhusu meno ya tairi nitasema machache, kwa kuwa hilo linafahamika. Matairi ya H/T ni ya lami, A/T ni ya kuchanganya lami na vumbi, na M/T ni ya tope na mawe. Mtu ambaye sehemu kubwa ya safari zake ni lami, kisha anakata kona kuingia kijijini kwa barabara ya vumbi, anahitaji A/T. Tairi la M/T lina mpira mchache unaogusa lami, kwa hiyo husimama vibaya zaidi kwenye lami yenye maji, hupiga kelele, na huisha haraka.

Nitaendelea na rimu kwenye andiko linalofuata. Maswali yanakaribishwa.

#2 Mwanzisha uzi

Naendelea na rimu, na naomba uvumilivu kwa sababu sehemu hii ina hesabu.

Rimu ina vipimo vitano unavyopaswa kuvijua: kipenyo, upana, mpangilio wa matundu ya nati, tundu la kati, na ofuseti. Kipenyo na upana havina ugumu. Hilux yenye rimu ya 17 kwa kawaida ina upana wa inchi 7.5, na tairi la 265/65R17 linakubali rimu zenye upana kuanzia inchi 7.5 hadi 9.5.

Mpangilio wa matundu, ambao mafundi huuita PCD, ni idadi ya nati pamoja na kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu. Hilux ya magurudumu manne ni 6x139.7. Ranger, D-Max na L200 za magurudumu manne nazo ni 6x139.7. Hapo ndipo watu hudhani rimu za magari haya zinaazimana, na hapo ndipo tundu la kati linapoingilia kati. Habu ya Hilux, yaani kile kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake, inahitaji tundu la milimita 106.1, wakati rimu ya Ranger ina tundu la 93.1. Matundu ya nati yatalingana kabisa, lakini rimu haitaingia kwenye habu ya Hilux. Kinyume chake, rimu ya Hilux itaingia kwenye Ranger na kubakiza uwazi kuizunguka habu, na itahitaji pete ya kujaza uwazi huo ili rimu ikae katikati sawasawa. Bila pete, utahangaika na mtetemo wa usukani ambao hakuna balansi itakayoumaliza.

Ofuseti ndiyo inayoharibu pikapu nyingi. Ni umbali, kwa milimita, kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaoegemea habu. Hilux ninayoizungumzia ina ofuseti ya +30. Sasa tuchukue rimu zinazopendwa, zenye upana wa inchi 9 na ofuseti ya 0. Nusu ya upana imeongezeka milimita 19, na ofuseti imepungua 30, hivyo ukingo wa nje wa rimu umesogea nje milimita 49. Ni karibu sentimita tano kila upande. Gari linaonekana limejitanua, na ndicho wengi wanachokitafuta, lakini tazama kinachotokea chini. Uzito wa gari sasa unaning'inia mbali na beringi ya gurudumu na kuilazimisha kubeba kwa upande, hivyo beringi na boli jointi zinachoka mapema. Kila jiwe unalolikanyaga kwa tairi la mbele linauvuta usukani mikononi mwako kwa nguvu zaidi. Ukikata kona, tairi linachora duara kubwa zaidi na kwenda kugusa madigadi au bampa, hata kama kipenyo chake hakijaongezeka. Tope na changarawe ambazo zilikuwa zikiishia ndani ya madigadi sasa zinapiga milango na vioo vya pembeni. Speisa zinazofungwa kati ya habu na rimu huleta mambo hayohayo, na zinaongeza seti nyingine ya nati zinazoweza kulegea bila wewe kuziona.

Kwa gari la kazi, baki na ofuseti ya kiwandani au usogee milimita 10 hadi 15 tu. Zaidi ya hapo unalipia muonekano kwa beringi.

Kuna jambo dogo ambalo nililishuhudia kwa karibu kwenye duka moja la matairi. Hilux ilikuwa imevuliwa rimu za aloi za kiwandani na kuwekwa rimu za chuma, na kijana alikuwa anazirudishia nati zilezile. Nati za rimu za aloi za Toyota zina shingo ndefu inayoingia ndani ya tundu na washa bapa inayokaa juu ya rimu. Nati za rimu za chuma zina ncha ya mteremko, mfano wa koni, ambayo hujikaza ndani ya tundu lenye mteremko uleule. Ile ya washa bapa, ikifungwa kwenye rimu ya chuma, huonekana imekaza kabisa, spana inagoma, lakini inashika kwenye ukingo mwembamba tu wa tundu. Rimu itacheza kidogo kidogo hadi matundu yaumbuke na bolti zikatike. Mwenye gari aliambiwa, nati zikabadilishwa palepale. Ukinunua rimu, uliza nati zake, ziweke mkononi, na uzilinganishe na umbo la tundu.

#3 Mchangiaji, Ifakara

Mkuu, nakushukuru kwa somo hili. Swali langu linahusu tope. Huku Kilombero wakati wa masika tunabeba mpunga kutoka mashambani, na udongo mweusi ukilowa hujaza meno ya tairi hadi tairi zima linakuwa laini kama limepakwa sabuni. Nimefunga A/T pana za 285 nikitegemea zitaelea juu ya tope, lakini Land Cruiser ya jirani yangu yenye matairi membamba ya 7.50R16 inapita mahali ninapokwama mimi. Je, nihamie M/T?

#4 Mwanzisha uzi

Mkuu wa Ifakara, jirani yako anakufundisha jambo la kweli. Kwenye tope ambalo chini yake kuna ardhi ngumu, tairi jembamba hupasua ule ulaini na kwenda kushika chini. Tairi pana hubaki juu likisukuma tope mbele yake na kuteleza. Upana unasaidia kwenye mchanga, ambako chini hakuna kitu kigumu cha kushika, na hata huko kinachosaidia zaidi ni kupunguza upepo hadi psi 18 au 20 ili tairi lirefuke linapogusa mchanga, ukienda polepole na kurudishia upepo kabla ya kupanda lami.

Kwa udongo wako, M/T inasaidia kwa sababu nafasi kati ya meno ni kubwa na tope hutupwa nje tairi linapozunguka, ilhali A/T hujaa na kuziba. Lakini jiulize ni miezi mingapi kwa mwaka unakuwa topeni, na ni kilomita ngapi unakimbia kwenye lami kupeleka mzigo. Kama masika yakiisha gari linashinda kwenye lami, ningechagua A/T yenye meno makubwa na nafasi pana, ya upana wa 235 au 245, badala ya M/T ya 285. Tairi la LT235/85R16 lina kipenyo cha milimita 806, fahirisi ya uzito ya 120 kwa daraja E, na linakaa kwenye rimu nyembamba ya inchi 6 hadi 7.5. Kwa mbeba mpunga sijui tairi linalofaa zaidi ya hilo, mradi breki zako zinaikubali rimu ya 16 na madigadi yana nafasi.

#5 Mchangiaji, Mwanza

Nina Navara na nimepata rimu nzuri za Hilux kwa bei ya chini. Zote zina nati sita. Fundi anasema zitaingia kwa kulazimisha kidogo. Naomba ushauri.

#6 Mwanzisha uzi

Mkuu, usikubali. Navara ya kizazi cha D40 na kizazi kilichofuata ni 6x114.3, na Hilux ni 6x139.7. Tofauti ya duara ni zaidi ya milimita 25, na hakuna kulazimisha kunakoweza kuiziba. Akikutolea wazo la kutoboa matundu mapya kwenye rimu, ondoka hapo.

Nati zikiwa sita, kupima ni rahisi: chukua umbali kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalotazamana nalo. Zikiwa tano hakuna matundu yanayotazamana, kwa hiyo pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile lisilopakana nalo, kisha gawanya kwa 0.951. Land Cruiser 79 za miaka ya karibuni, ambazo ni 5x150, zitakupa milimita 142.7 kabla ya kugawanya. Amarok ya kizazi cha kwanza ni 5x120, na baadhi ya Hilux zinazoendeshwa na magurudumu mawili nazo zina nati tano, kwa hiyo jina la gari peke yake halitoshi kununulia rimu.

#7 Fundi matairi, Arusha

Wakuu, naomba kuongeza kutoka upande wa kazi, kwa sababu ninachokiona kila siku hakimo sana kwenye maelezo ya dukani.

La kwanza ni umri. Kwenye ubavu wa tairi, baada ya herufi DOT, kuna namba nne za mwisho zilizozungushiwa umbo la yai. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 3518, tairi limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2018. Namba hizo mara nyingi ziko upande mmoja tu, na likifungwa upande huo ukiwa ndani itabidi uingie chini ya gari. Tangu kiwanda cha General Tyre hapa Arusha kiliposimama, matairi tunayouza yanatoka mbali kwa meli, na mengine hukaa ghalani muda mrefu kwenye joto kabla ya kufika dukani. Tairi "jipya" la miaka mitano lina meno kamili na mpira uliokauka. Kunja kidogo ubavu wake ulitazame chini ya mwanga: ukiona nyufa nyembamba kama nywele kando ya maandishi, liache.

La pili ni matairi ya mtumba kutoka Japani yaliyoandikwa STUDLESS. Hayo ni matairi ya theluji. Mpira wake ni laini makusudi ili ushike kwenye barafu, na kwenye joto letu huyumba kwenye kona na kuisha upesi sana. Meno yake mazito huwavutia wateja, nami huwakatalia.

La tatu ni rimu za kuiga. Rimu ya aloi iliyopimwa kwa kanuni za Japani ina alama ya JWL, na zile zilizopimwa kwa malori na mabasi zina JWL-T. Nyuma ya rimu panapaswa kuwa na uzito inaoruhusiwa kubeba. Rimu nzito ya kung'aa isiyo na uzito ulioandikwa popote, mimi siifungi kwenye pikapu ya mizigo. Rimu ya chuma ikipigwa na shimo hupinda, na fundi yeyote mwenye nyundo na uvumilivu ataikunjua mbele yako. Ya aloi hupasuka, na kuichomelea ni kujidanganya. Wanaokwenda Engare Sero na Ziwa Natron, ambako njia imejaa mawe makali ya volkano, wengi hurudi kwangu na mbavu zilizochanika. Pancha ya katikati ya meno tunaiziba, lakini ubavu uliochanika hauna dawa. Kwa njia hiyo, tairi la LT lenye ubavu wa tabaka tatu ndilo ninalompa mtu, pamoja na rimu za chuma kama hajali muonekano.

#8 Mchangiaji, Dar es Salaam

Mimi sibebi mpunga wala siendi Natron. Pikapu yangu inakaa mjini, na mara chache naipeleka Bagamoyo. Je, kweli 20 ni dhambi?

#9 Mwanzisha uzi

Si dhambi, mkuu, mradi mambo mawili yatimizwe. Kipenyo kibaki palepale, yaani 265/50R20, na fahirisi ya uzito isishuke kiholela. Matairi mengi ya ukubwa huo huja na 107, ambayo ni kilo 975, na yapo ya mbavu zilizoimarishwa yenye 111, ambayo ni kilo 1,090. Chukua ya 111, na ujaze upepo kwa jedwali la tairi lenyewe badala ya kukisia. Siku utakapoombwa kubeba saruji kwenda kwenye kiwanja cha mtu, kumbuka kuwa una ubavu wa milimita 132 tu kati ya rimu na shimo.

Ninachokikataa kabisa ni 20 yenye ofuseti ya chini, tairi la fahirisi ndogo na mzigo kamili kwa pamoja. Kila moja peke yake unaweza kuivumilia kwa kuendesha kwa uangalifu. Zikikutana, kuvunjika kwa beringi au kupasuka kwa tairi kunasubiri muda tu.

#10 Mchangiaji, Iringa

Mkuu, nimefunga 285/70R17 kwenye Hilux bila kubadilisha kitu kingine. Inapendeza, lakini kwenye mlima wa Kitonga nikiwa na mzigo gari linanyong'onyea kuliko zamani, na kona za kubana tairi linagusa. Ni injini au ni matairi?

#11 Mwanzisha uzi

Ni matairi. Kipenyo chako sasa ni takriban milimita 831 badala ya 776, ongezeko la asilimia 7. Kila gia imekuwa ndefu kwa asilimia hiyohiyo, kwa hiyo kupanda Kitonga ukiwa na gia ya tatu sasa kunaitaka ya pili. Wakati wa kuteremka, breki nazo zinashindana na gurudumu kubwa na zito zaidi kwa diski zilezile, na hilo kwenye mteremko ule linanitia wasiwasi kuliko kupanda. Spidomita yako ikionyesha 100, kwa kweli unakwenda 107. Odomita nayo inahesabu pungufu: inapoandika kilomita 5,000 umetembea 5,350, kwa hiyo wahi kubadilisha oili.

Kama unataka kimo kidogo cha ziada, 265/70R17 lina milimita 803, ongezeko la asilimia 3.4 tu. Hilux nyingi hulipokea bila kugusa, ingawa inafaa kulijaribu usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho pande zote mbili, mbele na kinyumenyume. Kwa mwenye kubeba mzigo milimani, mimi singevuka hapo.

Jambo la mwisho linawahusu wote wanaobadilisha ukubwa, nalo ni tairi la akiba. Liwe la ukubwa uleule na matairi mengine manne. Kwenye Hilux ya kawaida, ukiweka gia ya magurudumu manne kwenye ardhi ngumu huku tairi moja likiwa na kipenyo tofauti, ekseli ya mbele na ya nyuma zinavutana kupitia gia boksi ndogo na kuichosha. Hakikisha pia tairi jipya linaingia mahali pa akiba chini ya bodi, kwa kuwa 285 mara nyingi hubana. Likishafungwa lolote, nati zikazwe kwa mpangilio wa kurukia upande wa pili, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, kisha zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi likipata moto psi hupanda na utadanganyika.

Wenye D-Max na L200, naomba mweke hapa ofuseti na upana wa rimu zenu za kiwandani kama zilivyoandikwa nyuma ya rimu, pamoja na mwaka wa gari, ili wanaotafuta rimu za kubadilisha wapate pa kulinganishia.